Airisi ya Njombe kwenye udongo wa Kimara

Mama mkwe wangu hajawahi kuyaita airisi. Kwake ni maua ya misheni, kwa sababu matunguu ya kwanza alipewa na masista alipokuwa msichana, huko huko Njombe. Mimi niliyaona mara ya kwanza Septemba 2016, tulipokwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa wifi yangu. Asubuhi nilitoka nje na kikombe cha chai, baridi inauma masikio, nikakuta nyuma ya jiko mstari wa maua ya zambarau yanayonifika kiunoni. Chai ilipoa mkononi.

Nilieleze ua lenyewe, maana wengi wetu wa Dar es Salaam hatujaliona ila kwenye picha. Lina petali sita. Tatu zimesimama na kukutana kileleni kama viganja vya mtu anayeomba dua, nazo zilikuwa zambarau hafifu, karibu kama moshi. Tatu nyingine zimeinama kuelekea ardhini, rangi nzito, ukizigusa unadhani ni mahameli. Katikati ya kila petali iliyoinama umepita mstari wa vinyweleo vya njano iliyokolea, vimesimama kama nywele za brashi. Hizo ndizo ndevu zake, na ndizo zinazomwonyesha nyuki njia ya kuingilia. Nilikaa nikimtazama nyuki mmoja: alitua kwenye petali ya chini, akatambaa juu ya ndevu, akapotelea ndani, akatoka kinyumenyume na unga mgongoni. Nikainama kunusa. Harufu ilikuwa ya zabibu, zile nyeusi za Dodoma zikiwa zimeiva hasa.

Hiyo ndiyo airisi ndefu yenye ndevu. Zinazoitwa ndefu ni zile zinazoanzia sentimita 70 kwenda juu, na bua moja hubeba matawi kadhaa yanayofungua maua kwa zamu, kwa hiyo leo likinyauka hili, kesho linafunguka lile. Jina limetokana na mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, yule wa upinde wa mvua, na kweli rangi zake ni nyingi ajabu: buluu, nyeupe, njano, kahawia, waridi, hata nyeusi-nyeusi. Kitu kimoja tu hakijapatikana mpaka leo, nacho ni wekundu halisi. Marekani wapenzi wa ua hili wana chama chao tangu 1920, na tuzo yao kubwa kuliko zote wameipa jina la Mwingereza William Rickatson Dykes, aliyeichunguza jamii hii ya mimea maisha yake yote. Hayo niliyasoma baadaye. Asubuhi ile nilijua jambo moja tu, kwamba nalitaka nyumbani kwangu.

Krismasi ya mwaka ule tukarudi, nikaomba. Mama akachukua jembe la uma, akalichomeka mbali kidogo na shina, akainua shada zima taratibu. Chini yake kulikuwa na kitu kama tangawizi kubwa zilizobanana, zimeshikana mgongo kwa mgongo, mizizi inaning'inia kama kamba. Akanionyesha tunguu la katikati, lililonyauka kidogo, lenye kovu pale bua la maua lilipokuwa.

"Hili limeshatoa ua, halitoi tena," akasema. "Chukua watoto wake."

Ni kweli. Kila tunguu huchanua mara moja katika maisha yake, kisha kazi inahamia kwa machipukizi yaliyoota ubavuni. Ndiyo maana kila miaka mitatu au minne shada linapaswa kupasuliwa na kupandwa upya, lasivyo watoto wanasongana na maua yanapungua. Mama alivunja machipukizi kumi na mawili kwa mkono, akayakata majani yakabaki urefu wa kiganja na nusu, umbo la kipepeo cha kupepea moto, ili tunguu lisipoteze maji kabla halijashika mizizi. Kisha akayaanika juu ya bati la banda la kuku siku mbili, vidonda vikauke. Nikayafunga kwenye gazeti, gazeti ndani ya kiroba, na kiroba nikakipakata njia nzima ya basi mpaka Ubungo, wakati huo mabasi ya mikoani bado hayajahamia Mbezi.

Siku ya kuagana alinishika mkono.

"Usiyazike, mwanangu. Mgongo wake uote jua."

Nikamwitikia, "Ndiyo, Mama." Lakini nilipofika Kimara na kusimama uani saa saba mchana, Januari, jua linapiga mpaka kandambili zinaungua, nikajiambia kwamba Mama anazungumzia jua la Njombe. Hili la kwetu litayababua. Nikachimba mashimo ya kina cha kiganja, nikachanganya mbolea ya kuku ya kutosha, nikayafukia kabisa kama mtu anayepanda tangawizi, na kila jioni nikayamwagia maji kwa mpira. Nilifanya hivyo kwa upendo wote nilionao.

Februari yalitoa majani mazuri, ya kijani chenye vumbi la kijivu. Machi masika yakaingia. Udongo wa kwangu ni mwekundu wenye mfinyanzi, ukilowa unanata kwenye jembe hadi unalikwangua kwa kijiti. Kufika katikati ya Aprili nikaona jani moja la katikati limegeuka njano. Nililigusa tu, likatoka lenyewe mkononi, na chini yake lilikuwa limelainika kama ndizi iliyooza. Nikafukua. Tunguu lilikuwa na umbo lake lilelile kwa nje, ganda zima, lakini kidole kilipogusa kikazama. Ndani kulikuwa na uji mweupe wa njano, na harufu iliyotoka sikuwa nimewahi kuinusa bustanini. Niliinuka nikaenda kunawa mara mbili na bado niliisikia puani wakati wa chakula cha jioni.

Ni ajabu kufikiri kwamba tunguu hilohilo, likimenywa, likakaushwa na kuhifadhiwa kwa miaka kadhaa, hutoa harufu tamu inayotumika kwenye marashi ghali. Huko Florence, Italia, wamelilima kwa kazi hiyo kwa karne nyingi. Harufu hiyo haipo kwenye tunguu bichi. Inakuja polepole, kwa ukavu na kungoja, mambo mawili ambayo mimi sikuwa nimeyapa.

Kati ya matunguu kumi na mawili, tisa yalikufa. Kilichoyaua ni bakteria wa uozo laini, ambao wapo udongoni siku zote na wanaingia pale wanapopata kidonda, joto na maji yaliyotuama. Mbolea ya kuku iliwafungulia mlango: naitrojeni nyingi hulifanya tunguu liwe nene na teketeke, halina ugumu wa kujikinga. Kuyazika kukamaliza kazi. Mgongo wa tunguu unatakiwa kuwa nje si kwa mapambo, ni kwa sababu jua linaukausha kila siku na kuupa ganda gumu. Mizizi tu ndiyo inayotaka udongo. Mama alinipa yote hayo kwa maneno manne, na mimi nikaona nayajua zaidi.

Matatu yaliyobaki niliyaokoa hivi. Nilikwangua sehemu laini kwa kijiko mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe, ngumu, inayotoa mlio ukiigonga kwa ukucha. Kisu nilikuwa nakichovya kwenye maji ya jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, kila baada ya mkato, ili nisihamishe ugonjwa. Kisha nikayaanika barazani siku tatu. Kwa aliyezoea mimea ya kwetu, kumwacha mmea mgonjwa bila maji juani siku tatu ni kitu cha kuumiza moyo. Nilikuwa natoka kuyaangalia usiku na tochi.

Mara ya pili nilijenga tuta la urefu wa goti, juu ya kokoto, nikajaza mchanga wa mtoni na udongo nusu kwa nusu, na mboji ya zamani viganja vichache. Nikatengeneza kichuguu kidogo, nikakalisha tunguu juu yake kama mtu anayepanda punda, mizizi ikashuka kulia na kushoto, nikafukia mizizi tu. Maji nilitoa mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi, na masika yalipoanza nikaweka bati la kuezekea juu ya nguzo nne, lililoinama, mvua kubwa isiyapige. Na yakaishi. Yakazaa. Kufikia 2019 matatu yalikuwa yamekuwa kumi na moja. Majani yalipata madoa ya ukungu kila unyevu ulipozidi, nikawa nayakata na kuyachoma, basi. Wageni walikuwa wakiuliza kama ni aina ya mkonge.

Lakini ua, hakuna. 2018 hakuna, 2019 hakuna. Septemba ikifika, mume wangu alikuwa akipigiwa simu na mama yake kuambiwa maua ya misheni yamefunguka, na mimi natoka uani kupapasa katikati ya majani kutafuta uvimbe wa bua. Hapa ndipo nilipoanza kusoma hasa, usiku, kwenye simu.

Asili ya airisi hizi ni Ulaya na nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, mahali penye majira ya baridi ya kweli. Kiangazi kikiisha tunguu linakua, baridi inakuja, na wiki nyingi za baridi ile ndizo zinazoliambia chipukizi kwamba sasa liache kutengeneza majani litengeneze bua. Bila agizo hilo chipukizi halina sababu ya kubadilika. Njombe iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000. Juni na Julai sakitu, ule umande ulioganda, huanguka usiku, asubuhi unakanyaga nyasi zinatoa mlio. Septemba jua linapopata nguvu, mmea umeshapata kipupwe chake. Kimara, usiku wa Julai uliopoa kuliko wote bado ni kama nyuzi 18. Sisi tunavaa sweta, airisi inaona bado ni kiangazi. Hata urefu wa mchana haubadiliki vya kutosha hapa Dar: tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki saa moja.

Nilijaribu kuidanganya. 2019 nilichukua matunguu manne, nikayafunga gazeti na kuyaweka kwenye droo ya mboga ya friji kwa wiki nane. Nilikuwa nimesoma kwamba watu wa nchi za joto hufanya hivyo kwa vitunguu vya maua ya tulipu. Lakini kitunguu cha tulipu kinalala usingizi mzito huku kimebeba ua lake tayari tumboni. Airisi yangu ililala kwenye unyevu wa mchicha na nyanya, ikaota ukungu wa buluu, na nilipoipanda matatu yalioza ndani ya mwezi. La nne lilitoa majani. Nikafikiria pia kuagiza kutoka nje aina zinazosemekana kuvumilia joto, lakini mmea hai hauingii nchini bila kibali na cheti cha afya ya mimea, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina sababu nzuri ya kulisimamia hilo. Uozo ule niliounusa, sitaki kuwa mtu aliyeuleta mwingine mkubwa zaidi kwa majirani.

Mwaka 2021, nikipita kwenye vitalu vya maua kando ya Barabara ya Bagamoyo, nikaona majani. Mpangilio uleule wa kipepeo, jani ndani ya jani. Nikasimama.

"Shikamoo mama. Hiyo ni airisi," kijana wa kitalu akaniambia kabla sijauliza.

"Marahaba. Airisi haichanui Dar, mwanangu."

"Hii inachanua, mama. Hii ni airisi ya huku."

Nilitoa shilingi 5,000 kwa sababu ya majani tu. Baada ya wiki saba likatoka bua jembamba, na asubuhi moja likafunguka ua dogo la rangi ya chungwa, petali sita zilizotandazwa sawasawa, madoadoa mekundu kama ngozi ya chui. Hakuna iliyosimama, hakuna iliyoinama, hakuna ndevu. Jioni petali zilijisokota pamoja kama kitambaa kinachokamuliwa, na ua likawa limekwisha. Niliona nimedanganywa. Nilirudi kitaluni na picha, nikamwonyesha ua la Njombe na ua lake, nikamwambia hakuna undugu hapa. Hakubishana. Alisema tu kwamba aliyemfundisha kazi aliliita hivyo.

Nikaenda kutafuta ili nimpelekee ushahidi. Nilichokuta ni kwamba mmea ule, wenye asili ya Asia, uliitwa na wataalamu Belamcanda chinensis kwa muda mrefu sana, ukiwekwa kwenye ukoo wake wa peke yake. Kisha walipochunguza vinasaba vyake wakaona umekaa ndani kabisa ya ukoo wa airisi, na mwaka 2005 wakauhamisha. Sasa jina lake ni Iris domestica. Kijana alikuwa sahihi. Nilirudi mara ya tatu, safari hii kumwomba radhi, na nikanunua miche mingine miwili.

Airisi ya chungwa haijanisumbua. Inataka jua la asubuhi na udongo usiotuamisha maji, basi. Ua ni la siku moja, lakini bua lina mengi ya kufuatana, na baada yake linatoka ganda linalopasuka na kuacha fundo la mbegu nyeusi zinazong'aa kama shanga. Wajukuu wanazichuma wanafikiri ni matunda, kwa hiyo nimewafundisha mapema kwamba haziliwi, na airisi yoyote haiwekwi mdomoni, tunguu lake hasa. Ukipanda mbegu zenyewe, unaweza kuona ua kabla mwaka wa pili haujaisha.

Julai 2022 nilifanya kilichobaki. Nilichimbua matunguu yote ya zambarau kutoka kwenye tuta, nikayakata majani umbo la kipepeo, nikayaanika siku mbili, gazeti, kiroba, basi. Mama aliyapokea akayageuza geuza mkononi, akaminya kila moja kwa kidole gumba.

"Yamenenepa," akasema. "Yamekula vizuri huko."

Tuliyapanda pamoja, upande wa pili wa jiko, mgongo nje. Mwaka ule hayakutoa ua, yalikuwa yanashika mizizi. Septemba 2023 nilipanda basi makusudi. Mabua saba. Nilifika usiku, sikulala vizuri, na alfajiri nilitoka na khanga mbili mabegani nikakuta moja bado limefunga, limekazwa kama mwavuli, ncha ya zambarau iliyokolea inachungulia kwenye ganda la karatasi. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake. Jua lilipofika pale, petali moja ya chini iliachia, ikashuka kwa mkupuo mdogo unaoonekana kwa macho, kisha ya pili, na ndevu zikatokea zikiwa bado na unyevu. Mama alikuja na chai akasimama nyuma yangu. Hatukuzungumza mpaka ya tatu iliposhuka.

Safari ile nilimpelekea mbegu nyeusi za Kimara, kiganja kizima kwenye bahasha. Alizipanda mvua zilipoanza, na mwaka uliofuata alinipigia picha kwa simu ya mjukuu wake: ua la madoa ya chui mbele ya ukuta wa jiko, wanawake wawili wa jirani wamelizunguka. Mwaka huu, katikati ya Julai, alinipigia sauti yake ikiwa chini. Sakitu imepiga siku nne mfululizo. Majani yote ya airisi ya Dar yamekauka, yamelala chini kama nyasi zilizochomwa, anaona aibu kuniambia, na anataka kuling'oa eneo apande figili.

Nimemwambia asing'oe. Mmea huu hufa juu ukabaki hai chini. Ayakate majani makavu, asimwagie maji, asiweke mbolea, asubiri hadi Oktoba. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia, "Ndiyo, Mama."

"Haya," akasema, "nitasubiri."